Neno la Kusema Nimechoka

Nikimwambia mtu kwamba najifunza Kiitaliano, swali la kwanza huwa lile lile: "Unaenda lini?"

Mama aliuliza hivyo kwenye simu. Mwenzangu wa chumba aliuliza hivyo huku akipiga pasi. Fundi cherehani wangu pale Mlandege, ambaye nilimtajia tu ili aelewe kwa nini nataka gauni langu kabla ya saa kumi ya Jumamosi, aliacha kukanyaga cherehani akauliza, kisha akaongeza, "Usitusahau huko." Nilipowajibu kwamba siendi popote, sina mfadhili, sina mchumba Mzungu na hata pasipoti sina, walinitazama kama mtu anayewaficha jambo. Nani anajifunza lugha ya watu bila safari?

Siwalaumu. Hata mimi, kabla ya mwaka jana, sikuwahi kujifunza kitu ambacho hakina cheti mwishoni.

Ilianza Julai, mwezi ambao baridi ya Iringa inaingia mpaka kwenye kurasa za daftari. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na sura ya pili ya tasnifu yangu ilikuwa imekaa kwenye kompyuta wiki tisa bila kwenda kwa msimamizi. Si kwamba sikuandika. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Kila sentensi ya Kiingereza niliyoimaliza niliisikia ikisomwa na mtu mwingine kwa dharau, nikairudia mpaka ikapoteza maana. Rafiki yangu anayeimba kwaya ndiye aliyeniambia kuna Sista mmoja amerudi kutoka Italia, anafundisha Kiitaliano Jumamosi jioni katika chumba kilicho nyuma ya kanisa, Kihesa.

"Lakini si darasa la kweli," akasema. "Mnakunywa kahawa tu."

Nadhani ni maneno hayo, kwamba si darasa la kweli, ndiyo yaliyonipeleka.

Sista ni Mhehe, mwanamke wa miaka sitini na kitu, aliyekaa Torino muda mrefu akihudumia wazee. Siku ya kwanza alitusomea masharti akiwa amesimama, mkono mmoja umeshika kijiko. Hakuna mtihani. Hakuna cheti. Anayechelewa asiombe radhi, avute kiti akae. Ada ni sukari, au kahawa, au maandazi, kila mtu kwa zamu yake. Tulikuwa saba. Alikuwapo muuguzi, kijana anayetembeza watalii Hifadhi ya Ruaha, mama mwenye duka la vitambaa, mseminari, mvulana wa kidato cha sita anayeipenda Juventus kuliko masomo yake, mwalimu mstaafu wa jiografia, na mimi, Mmoraviani kutoka Mbeya ambaye sikujua hata salamu ya "Tumsifu Yesu Kristo" inajibiwaje.

Zamu yangu ilipofika nilileta kahawa ya Mbozi niliyotumiwa kutoka nyumbani. Sista aliinusa, akafumba macho, kisha akatoa kabatini birika dogo la pembe nane ambalo maji huwekwa chini na kahawa hupanda juu yenyewe kwa nguvu ya mvuke. Wao huliita moka. Lilianza kutengenezwa mwaka 1933 katika mkoa wa Piemonte, ambao mji wake mkuu ni huo huo Torino, na Sista anasema hajaingia nyumba ya Muitaliano akakosa kuliona. Somo letu la kwanza la utamaduni lilikuwa kulikaa lile birika kimya mpaka lianze kukoroma.

Nilikwenda nikiwa tayari kuteseka. Badala yake nilikuta lugha ambayo ulimi wangu uliijua nusu yake. Karibu kila neno linaishia kwa irabu. Mkazo mara nyingi unakaa pale pale tunapouweka sisi, silabi ya pili kutoka mwisho: casa, libro, domani. Maandishi yao "gn" ni "ny" yetu, kwa hiyo bagno, yaani bafu, tulilisoma "banyo" mara ya kwanza bila kusaidiwa. Na unaposema umri wako husemi "mimi ni" kama Waingereza. Unasema ho ventisei anni: nina miaka 26. Njaa vivyo hivyo, ho fame, nina njaa. Kiu, usingizi, hofu, vyote unavyo, vyote ni "nina". Nakumbuka nilivyoiandika ho paura, nina hofu, nikaitazama kwa muda. Kwa Kiingereza nilikuwa nimezoea kuambiwa kwamba mimi ndiye mwoga. Hapa hofu ilikuwa kitu nilicho nacho, kama mwavuli, ambacho naweza pia kukisahau kwenye daladala.

Kisha zikaja jinsi za nomino, ambazo wengi huziogopa. Sista aliandika ubaoni il libro nuovo, i libri nuovi, kitabu kipya, vitabu vipya, na chini yake la casa nuova, le case nuove, nyumba mpya, nyumba mpya.

"Wanangu," akasema, "Mwingereza akifika hapa analia. Nyinyi mtalia nini? Mmekulia kwenye ngeli. Kitabu kikibadilika, na kipya kinabadilika. Kwa Waitaliano ni hivyo hivyo, ila neno linabadilika mkiani, sisi letu linabadilika kichwani."

Mimi niliyepata A ya Kiswahili kidato cha nne kwa kukariri majedwali ya ngeli, sikuwahi kufikiria kwamba ngeli ni mali. Nilidhani ni adhabu ya mtihani.

Makosa yalikuwa mengi na yalitufurahisha. Kubwa kuliko yote lilikuwa la kijana wa Ruaha. Kiitaliano kina konsonanti za kuvuta, na ukisahau kuzivuta neno linageuka. Anno ni mwaka. Ano, bila kuvuta ile n, ni tundu la haja kubwa. Yeye alisimama, akajitambulisha vizuri kwa jina na kwa kazi, kisha akamtangazia mtawa mbele ya mseminari kwamba anayo thelathini na mawili. Sista alijaribu kujizuia. Akashindwa, akakaa, akatoa kitambaa akafuta machozi. Tulipoelezwa, tulicheka mpaka mtu wa ofisi ya parokia akaja kuchungulia. Kijana alicheka kuliko sote. Jumamosi iliyofuata alirudi, akataja umri wake akiivuta ile n kama mtu anayevuta kamba ya kisima.

Wiki ile nilijiuliza ni lini mara ya mwisho niliona mtu mzima akikosea lugha mbele za watu na kurudi wiki inayofuata.

Katika shule yangu ya sekondari, aliyekutwa akiongea Kiswahili alivishwa kibao shingoni. Kilikuwa kipande cha mbao chenye kamba ya katani. Ukivishwa unakaa nacho mpaka umnase mwenzako, naye anakipokea, na jioni yule aliyebaki nacho anaitwa mbele. Mfumo wenyewe unajulikana na wengi waliosoma nchi hii: miaka 7 ya shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha Januari moja unafika kidato cha kwanza na kila somo limegeuka Kiingereza. Mimi sikuwahi kulala na kibao. Nilikuwa na mbinu. Nilinyamaza. Walimu waliandika kwenye ripoti kwamba ni mtoto mtulivu. Nilijifunza Kiingereza kizuri sana cha kuandika, kilichosafishwa mara kumi kabla ya kuonyeshwa mtu, na nimekuwa nikikiandika hivyo mpaka sura ya pili ya tasnifu iliponishinda.

"How are you?" mwalimu alikuwa akiuliza akiingia, nasi darasa zima, watu sitini, tukijibu kwa wimbo mmoja kwamba hatujambo na tunashukuru. Hata mwenye malaria alikuwa hajambo.

Sista naye huanza kwa swali hilo, come stai, lakini humuuliza mmoja mmoja, na ukijibu bene haraka haraka anasubiri. Anakutazama tu. Jumamosi moja ya Septemba, wiki tuliyojifunza maneno ya hali, nilijibu, "Sono stanca." Nimechoka. Kwa mwanamume ingekuwa stanco, kwa mwanamke stanca. Kiswahili hakikuulizi jambo hilo, lakini Kiitaliano kinataka uchoke kama mwanamke au kama mwanamume. Nilidhani atanisifu kwa kuweka a mwishoni. Aliweka kikombe chini akauliza, kwa Kiswahili, "Umechoka na nini, mwanangu?" Nikajikuta nawasimulia watu sita habari ya sura ya pili. Mama wa vitambaa alisema, "Kwani huyo msimamizi wako anakula watu?" Mstaafu wa jiografia akasema na yeye aliwahi kukaa na ripoti miezi minne. Kisha tukaendelea na somo. Ni jambo dogo, lakini sikuwahi kulisema kwa lugha yoyote kabla ya hapo.

Kwa nini Kiitaliano, na kwa nini Iringa? Hili nalo lilikuwa sehemu ya somo, kwa sababu Sista hapendi tuione lugha kama kitu kilichodondoka kutoka angani. Wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzishwa Torino mwaka 1901 na padre Giuseppe Allamano, walifika Iringa mwaka 1919, Wabenedikto wa Kijerumani walipokuwa wameondolewa na vita. Makao yao yalikuwa Tosamaganga, juu ya kilima, mwendo mfupi kutoka mjini. Allamano mwenyewe hakuwahi kukanyaga Afrika. Tarehe 20 Oktoba 2024 alitangazwa mtakatifu, na Sista anasema siku hiyo alilia kama mtoto. Katika hospitali ya Tosamaganga, madaktari wa shirika la CUAMM la Padova wamefanya kazi miaka mingi bega kwa bega na Watanzania. Muuguzi wetu alikuja darasani kwa sababu hiyo: alichoka, alisema, kuona madaktari wawili wakizungumza juu ya kitanda cha mgonjwa na yeye amesimama kama stendi ya dripu.

Kwingine katika pwani yetu lugha hii inajifunzwa kwa haraka zaidi na bila ubao. Kiwengwa kule Unguja, na Malindi kule Kenya, wapo vijana wanaokimwaga Kiitaliano walichookota mchangani kwa watalii, kwa sababu siku ukikosa neno unakosa na chakula. Na kuna upande wa pili ambao ulinishangaza: Napoli, katika Chuo Kikuu cha L'Orientale, Kiswahili kinafundishwa tangu zamani, na wapo Waitaliano waliozeeka wakisoma riwaya zetu. Nilipenda kufikiri kwamba huko nako yupo msichana anayeulizwa na mama yake, "Unaenda lini?"

Desemba nilikwenda nyumbani. Basi la Iringa kwenda Mbeya nalijua kama kiganja changu: Igumbilo alfajiri, ukungu wa Mafinga na misonobari ya Sao Hill, mahindi ya kuchoma Makambako, kisha unateremka Igawa na Chimala, joto la bonde la Usangu linaingia dirishani, unapanda tena Uyole na kuvaa sweta uliyokuwa umeivua. Babu anaishi Uyole. Ana miaka inayokaribia 80, masikio mazima, magoti mabovu. Nilimkuta ameketi juani nyuma ya nyumba.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mama. Ndaga fijo kwa kuja. Mama yako anasema unasoma lugha mpya."

"Ndiyo Babu. Kiitaliano."

Nikajiandaa kwa swali. Hakuliuliza. Alisogeza fimbo yake, akatazama barabarani kama mtu anayehesabu magari, kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kijana, ya ukali:

"Alza! Tira! Piano, piano! Basta!"

Inua. Vuta. Taratibu, taratibu. Inatosha.

Bibi alitoka jikoni kuona nani anagombana.

Nilimfahamu Babu miaka yangu yote. Nilijua alilima, alifanya kazi ya ulinzi, alikuwa mzee wa kanisa. Sikujua kwamba mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha kama alivyouita yeye, aliteremka kutoka Rungwe akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akaandikishwa kibarua kwenye bomba la mafuta.

Bomba hilo la TAZAMA wengi wetu tunalipita bila kuliona, maana sehemu kubwa limefukiwa. Tarehe 11 Novemba 1965, Ian Smith na wenzake walijitangazia uhuru huko Rhodesia ili Waafrika walio wengi wasitawale. Zambia ilikuwa inapata mafuta yake kupitia huko. Njia ilipofungwa, mapipa yakaanza kupakiwa kwenye malori kutoka Dar es Salaam, kupitia barabara hii hii ya Iringa na Mbeya, ambayo wakati huo ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Madereva waliuita mwendo ule wa jehanamu, na si wote walirudi. Ndipo likaamuliwa lijengwe bomba, zaidi ya kilomita 1,700, kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola. Waliolijenga walikuwa Waitaliano, na lilianza kazi mwaka 1968. Reli ya TAZARA ilikuja baadaye, nayo tunaikumbuka kwa sababu inaonekana na ina stesheni. Wachina wana makaburi yao na hotuba zao. Bomba limekaa kimya chini ya migomba.

"Mashine zilichimba mtaro," Babu alisema. "Sisi tulifuata nyuma na sepetu, tunasafisha. Bomba likiletwa tunalishika, tunaliinamisha. Ukikosea linakula mguu."

Nyapara wao Muitaliano walimwita Bwana Piano, kwa sababu kutwa nzima alisema neno hilo. Miezi ya mwanzo Babu aliamini kweli kwamba ni jina lake. Saa sita ilikuwa "manjare". Jioni ilikuwa "domani". Alikuwa na maneno kama kumi na mawili, na aliyatamka vizuri kuliko mimi, zile r zikivingirika. Nilimuuliza kama walikuwa watu wabaya.

"Hapana. Watu wa kazi. Walichoka kama sisi. Mmoja alinipa buti zake."

Nilitaka kumfurahisha. Sista alitufundisha kwamba mkubwa humwulizi come stai kama mwenzako. Unatumia namna ya heshima, ambayo kwa mshangao wetu ni kumsema kana kwamba ni mtu mwingine, wa kike, aliyesimama pembeni. Ndicho kitu cha karibu na shikamoo ambacho lugha ile inacho. Kwa hiyo nikakaa sawa, nikasema:

"Come sta, Babu?"

Akainamisha kichwa. "Sema tena."

"Come sta?"

"Hilo sikulisikia," akasema. "Maana yake nini?"

"Hujambo. U hali gani."

Alifikiri. Naamini alikuwa akiipitia ile miezi yote, kituo kwa kituo, akilitafuta lile neno kwenye mtaro. "Hapana," akasema hatimaye, bila uchungu, kama mtu anayetoa hesabu. "Hilo hatukupewa."

Tulikaa kidogo. Kuku walikuwa wakichakura karibu na miguu yake. Kisha Babu akaniambia jambo la baba yake, ambaye mimi simjui hata kwa picha. Yeye alikwenda kwenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kama walivyokwenda wanaume wengi wa Rungwe, akarudi na mablanketi na lugha ya mgodini, Fanagalo. Babu akiwa mtoto alipenda kuisikia, akamwomba baba yake amfundishe. Akafundishwa. Yalikuwa maneno ya kuamrisha: leta, sukuma, haraka. Mtoto akauliza, na kusema "nataka kwenda nyumbani" wanasemaje? Baba yake akamwambia ungeweza kukaa mgodini mwaka mzima bila kulihitaji neno hilo, kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Nilifikiria kibao cha mbao. Mimi nilikuwa nimesoma mpaka shahada ya pili, na nilidhani kati yangu na hao wazee wawili pana umbali mkubwa. Lakini Kiingereza nilichokuwa nacho nacho nilikipokea kwa namna hiyo hiyo, kikiwa cha kutii. Tofauti ni kwamba mimi nilipewa maneno mengi zaidi ya kutii.

"Haya, mwalimu," Babu akasema ghafla, akigonga fimbo chini. "Nifundishe moja. Siku zile, jua likiwa hapa," akaelekeza kidole utosini, "nilikuwa nalitafuta neno la kusema nimechoka. Wenzangu wote tulilitafuta. Tulikuwa na la kuinua, tulikuwa na la kuvuta. La kuchoka hatukulijua. Linaitwaje?"

"Sono stanco."

"Sono."

"Sono stanco. Mimi nasema stanca, wewe mwanamume unasema stanco."

"Sono stanco," akasema. Akalirudia polepole, akilipima, kama anavyopima jembe jipya dukani kabla ya kutoa hela. "Sono stanco." Kisha akalisema mara ya tatu, na safari hii hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama upande wa barabara kuu, upande linakopita bomba, na alilisema kwa adabu kabisa, kama unavyomwambia mtu mzima mwenzako jambo la kweli.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Bibi ndiye aliyetuokoa. Aliuliza kutoka jikoni tunasema nini huko nje.

"Nimesema nimechoka!" Babu akamjibu kwa Kiswahili.

"Umechoka na nini? Tangu asubuhi hujashika hata kikombe."

Babu akacheka mpaka akakohoa.

Niliporudi Iringa, Januari, nililisimulia jambo hili darasani. Kijana wa Ruaha alisema kumbe sisi si wanafunzi wa kwanza wa Kiitaliano wa nyanda hizi. Mstaafu wa jiografia alichukua chaki, akachora ubaoni njia ya bomba kutoka Dar es Salaam mpaka Ndola, akatia nukta mbili palipo na vituo vya kusukumia mafuta Iringa na Mbeya, na akatuambia kwamba tangu 2023 linapitisha dizeli badala ya mafuta ghafi. Sista hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza kama Babu anakunywa kahawa.

Sijui bado Kiitaliano hiki nitakifanyia nini. Sijapata mfadhili na sijaomba pasipoti. Najua tu kwamba mahali pa kukosea bila kuvishwa kitu shingoni ni anasa, kama ilivyo anasa kuulizwa hali na mtu anayesubiri jibu, na kwamba mimi nimepewa mahali hapo kwa bei ya nusu kilo ya kahawa. Sura ya pili niliituma kwa msimamizi wiki ya pili ya Januari, ikiwa na kasoro zake. Ilirudi imejaa wino mwekundu, na mwishoni ameandika kwamba tuendelee.

Babu hunipigia Jumapili baada ya ibada. Zamani angeanza kwa kuuliza hali ya hewa ya Iringa. Siku hizi, kabla sijasema shikamoo, nasikia sauti yake ikipaza: "Sono stanco!"

"Babu, huo si mwanzo wa salamu. Nikikuuliza come sta, mtu mwenye afya anajibu bene."

"Hilo bene nitajifunza," anasema. "Domani."